Usiandike Usichofundishwa: Uhakiki wa Masharti ya Kozi Mbili za Historia

Mwaka jana wakati wa likizo, binamu yangu anayesoma sekondari huko Marekani alinitumia kwa simu picha za karatasi nne. Alikuwa analalamika. Shule ilikuwa bado haijafunguliwa, lakini tayari alikuwa amepewa kitabu cha kusoma na maswali ya kujibu kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Karatasi hizo zilikuwa ni masharti ya kozi ya juu ya historia ya Marekani: mwanafunzi anatarajiwa kufanya nini, na asipofanya atapata nini. Nilikuwa nyumbani Kamembe. Mara ya kwanza nilizisoma huku nikicheka, maana zilifanana na hati ya mashtaka. Mara ya pili sikucheka.

Katika makala haya ninahakiki karatasi hizo pamoja na mtihani ulio nyuma yake, nikizilinganisha na kozi ya historia niliyoisoma mwenyewe kuanzia kidato cha nne hadi cha sita katika shule moja ya hapa Rusizi. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini kwenye karatasi za masharti ilhali riwaya na tamthilia zipo tele. Ninachoweza kusema ni kwamba masharti ya kozi ni matini kama matini nyingine. Yana msemaji na msemeshwa, yana yanayotajwa na yanayonyamaziwa. Tena yana nguvu kuliko riwaya nyingi, kwa sababu kijana wa miaka 16 huyatii hata kama hayaamini.

Sehemu kubwa ya karatasi za binamu yangu ni mambo ya kawaida. Kazi ikichelewa siku moja inapunguziwa alama. Ikichelewa zaidi haipokelewi. Anayenakili kazi ya mwenzake anapata sifuri na mzazi anapigiwa simu. Simu za mkononi zinawekwa kwenye mifuko iliyotundikwa ukutani. Kurasa za kusoma zipo kila usiku, hata Jumamosi. Hayo sitayakalia. Kila shule ina yake, na sisi tulikuwa na yetu, ikiwemo zamu ya kufagia darasa. Kilichonisimamisha ni chini kabisa ya karatasi ya nne: mahali pa sahihi ya mzazi, baada ya tamko kwamba amesoma na kuyaelewa masharti yote. Shangazi yangu hasomi Kiingereza. Aliolewa ng'ambo ya mto, Bukavu, na mambo ya dunia yakawafikisha Marekani wote. Alitia sahihi baada ya mwanawe kumtafsiria kwa Kiswahili, na kwa jinsi ninavyomjua binamu yangu, sina hakika kama kile kifungu cha kumpigia mzazi simu kilitafsiriwa.

Sisi hatukupewa karatasi. Masharti yetu yalisemwa kwa mdomo siku ya kwanza ya kidato cha nne, na mwalimu aliyeyasema alikuwa mwalimu mzuri ambaye ninamheshimu mpaka leo. Alitaja kuhudhuria, kuandika daftari lote, na kutosinzia baada ya chakula cha mchana. Kisha akasema sharti ambalo tulilisikia tena na tena kwa miaka 3: usiandike usichofundishwa. Alilieleza bila kuficha. Anayesahihisha mtihani wako wa taifa hakujui, hajui ulichosoma pembeni, hajui babu yako alikusimulia nini. Ana rundo la karatasi na ana mwongozo. Ukiandika kilicho kwenye mwongozo anakupa alama, ukiandika kingine unamchosha. Mwalimu alikuwa anatulinda. Wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima wa mpunga wa Bugarama, wa wavuvi, wa akina mama wanaovuka mpaka kila asubuhi na mabeseni kichwani. Alama moja ilikuwa inaweza kuamua nani anaenda chuo kikuu na nani anarudi shambani.

Kutokana na sharti hilo tukajenga kile ambacho darasani tulikiita hoja kumi. Kila swali la insha lilijibiwa kwa utangulizi, hoja kumi, na hitimisho. Swali liwe limeanza kwa "Eleza" au "Jadili" au "Kwa kiasi gani", sisi tulikuwa na hoja kumi. Sababu kumi za Vita vya Kwanza vya Dunia, athari kumi za ukoloni wa Wabelgiji, sababu kumi za kuanguka kwa dola fulani. Kama sababu za kweli zilikuwa 3, tulizigawa mpaka zikafika. Nakumbuka rafiki yangu mmoja aliyegawanya "uchumi mbaya" kuwa "uchumi mbaya", "kodi" na "umaskini", akapata alama zote 3. Tulimsifu.

Tulisoma Mapinduzi ya Marekani kwa namna hiyo hiyo. Nikiamshwa usiku wa manane nitataja Sheria ya Stempu ya mwaka 1765, chai iliyomwagwa baharini Boston mwaka 1773, na Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Lakini hatukuwahi kulisoma Azimio lenyewe, hata aya moja. Hatukuambiwa kwamba Thomas Jefferson, aliyeliandika na kusema ndani yake kwamba watu wote wameumbwa sawa, katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Jambo hilo halikuwa sababu wala athari, basi halikuwa na mahali pa kukaa kati ya hoja kumi. Na hapa nitatoka njiani kidogo. Wanafunzi wenzangu kadhaa walitoka Giheke, ambako wazazi wao wanachuma chai ya Shagasha. Walijua kwa tarehe chai ya Boston ilimwagwa lini. Sikumbuki hata mara moja mtu yeyote darasani, mwalimu au mwanafunzi, akiuliza chai ya Shagasha ilifikaje pale na nani alikuwa analima nini kwenye mlima ule kabla yake.

Haki itendeke: mtaala wetu hausemi hivyo. Mtaala unaozingatia umahiri, uliotolewa na Bodi ya Elimu ya Rwanda mwaka 2015 na kuanza kutumika shuleni mwaka 2016, unamtaka mwanafunzi afikiri kwa kina, afanye utafiti, atatue matatizo, ashirikiane na wenzake, awasiliane, na aendelee kujifunza maisha yake yote. Ukiusoma ukurasa kwa ukurasa unaweza kudhani uliandikwa na mtu anayezichukia hoja kumi. Ndiyo maana ninasita kuwafuata wanaosema tatizo letu ni mtaala. Mtaala ni ahadi ya serikali kwa mwanafunzi. Masharti ya siku ya kwanza ni tafsiri ya ahadi hiyo, na mfasiri ni mwalimu ambaye jicho lake moja liko kwenye mtihani. Tafsiri ikitofautiana na matini ya chanzo, mhakiki hana budi kuuliza nini kilimlazimisha mfasiri.

Kwa hiyo nikautazama mtihani wa binamu yangu. Kozi yake iko katika mpango wa Advanced Placement unaoendeshwa na taasisi ya College Board, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Inaigawa historia ya Marekani katika vipindi 9, kuanzia mwaka 1491, yaani mwaka mmoja kabla ya Columbus kufika. Mwaka huo peke yake ni hoja: unakiri kwamba nchi ilikuwa na watu na mambo yao kabla ya jahazi la mgeni kuonekana. Mtihani hufanyika mwezi wa Mei na huchukua saa 3 na dakika 15. Kuna maswali 55 ya kuchagua jibu, maswali 3 ya majibu mafupi, insha moja ndefu, na swali moja la hati. Matokeo ni kati ya 1 na 5, na vyuo vingi humpunguzia masomo ya mwaka wa kwanza mwanafunzi aliyepata alama ya juu.

Swali la hati ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mtahiniwa anapewa hati 7: barua, hotuba, kipande cha gazeti, mchoro, pengine takwimu. Zinahusu jambo moja lakini waandishi wake hawapatani. Anashauriwa kutumia dakika 15 kuzisoma na 45 kuandika. Mwongozo wa usahihishaji una alama 7, nao pia umetangazwa kwa wote. Alama moja ni ya dai linaloweza kutetewa. Nyingine ni ya muktadha. Nyingine zinatokana na kuzitumia hati kama ushahidi, na kueleza kwa nini mwandishi wa hati fulani alisema alivyosema: alikuwa nani, alimwandikia nani, alitaka nini. Na iko alama moja, moja kamili, kwa ajili ya ushahidi ambao haumo ndani ya hati hizo 7. Yaani mtahiniwa analipwa kwa kuleta kitu kutoka nje ya karatasi aliyopewa.

Niliposoma kifungu hicho nilimkumbuka mwalimu wangu. Sharti lake la kwanza, huko kwa wengine, lingemkosesha mtoto alama.

Nisingependa hata hivyo msomaji adhani ninaimba sifa za Marekani. Nilimuuliza binamu yangu anajiandaaje kwa swali la hati, akanijibu kwamba walimu wana vifupisho vya kukariri: herufi hii ni ya muktadha, hii ya lengo la mwandishi, hii ya hadhira. "Kaka," aliniandikia, "dai ninakuwa nalo kabla sijasoma hati. Natafuta tu hati za kulibeba." Hapo nikacheka tena, maana hiyo ni hoja kumi iliyovaa suti. Kijana mwerevu akishajua mashine inakula nini, ataipa chakula hicho. Tena dakika 15 kwa hati 7 ni chini kidogo ya dakika 2 na sekunde 10 kwa kila moja. Hakuna mwanahistoria duniani anayesoma barua ya mtu aliyekufa kwa mwendo huo. Na mtihani wenyewe hugharimu karibu dola 100 kwa kila somo. Familia zenye kipato kidogo hupunguziwa, lakini upunguzo unahitaji mtu wa kuuomba, na mtu huyo lazima ajue upo. Shangazi hakujua mpaka nilipomwambia mimi, kutoka Kamembe.

Pia hati 7 lazima zichaguliwe na mtu. Mwaka 2014, mwongozo mpya wa College Board wa kozi hii ulipoanza kutumika, wanasiasa wa chama cha Republican waliulaumu kwamba unakaa sana kwenye makosa ya nchi na kuyapita haraka mazuri yake. Katika wilaya ya Jefferson, jimbo la Colorado, mjumbe mmoja wa bodi ya elimu alipendekeza iundwe kamati ya kuzikagua kozi ili zijenge uzalendo na heshima kwa mamlaka, wala zisichochee uvunjaji wa amani. Septemba ya mwaka huo mamia ya wanafunzi walitoka madarasani na kusimama barabarani na mabango. Mwaka uliofuata College Board ilitoa mwongozo uliorekebishwa, na Novemba 2015 wapigakura wa wilaya ile wakawaondoa wajumbe 3 wa bodi. Ninalitaja tukio hili kwa sababu moja. Wanafunzi wale waliandamana kwa ajili ya muhtasari wa somo. Mimi na wenzangu tuliwahi kunung'unika kwa ajili ya maharage, na sikumbuki kama muhtasari wa historia tuliwahi kuuona kwa macho.

Lakini mtu wa Colorado akinicheka kwa hilo nitamwambia asubiri. Historia ya ufundishaji wa historia hapa kwetu si ya kuchezea. Kwa miongo mingi vitabu vya shule viliwagawa Wanyarwanda, vikitegemea nadharia za kikoloni zilizodai kwamba Watutsi walikuwa wageni waliotoka mbali. Mafundisho hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoandaa akili za watu kwa chuki. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, somo la historia ya Rwanda lilisimamishwa shuleni kwa miaka kadhaa. Ukikaa Rusizi huhitaji kuambiwa kwa nini. Unapita Kamarampaka, uwanja wa mpira, na unajua kwamba Aprili 1994 watu walifungiwa humo wakiondolewa mmoja mmoja. Unapita njia ya Nyarushishi na unajua walionusurika walipelekwa wapi. Mwalimu anayesimama mbele ya watoto wa mji kama huu na kusema usiandike usichofundishwa hafikirii mtihani tu. Anajua kwamba kuna nyumba ambazo mtoto anaweza kufundishwa sumu mezani, akaja kuiandika darasani kama ushahidi kutoka nje ya hati.

Hoja hii niliipima kwa muda mrefu, na ninaikubali nusu yake. Yako mambo ambayo si ya kuwekewa hati mbili zinazopingana. Anayekana mauaji ya kimbari hatoi mtazamo wa pili. Anasema uongo, na sheria ya nchi inamtambua hivyo. Wala mtihani wa Marekani haumuulizi mtahiniwa kama utumwa ulikuwepo au haukuwepo. Unamuuliza watu waliuteteaje, waliupingaje, na nini kilibadilika. Nusu ninayoikataa ni ile inayolichukua tahadhari ya eneo hilo moja na kulitandaza juu ya historia yote, mpaka hata vita vya mwaka 1896 havina ruhusa ya kuwa na pande mbili. Kwanza kabisa, mtoto aliyezoea kupima nani anasema, kwa nani, na kwa faida gani, ndiye atakayeigundua sumu ya mezani. Aliyezoea kupokea hoja kumi atapokea na ya kumi na moja.

Kuna suala la lugha pia, ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuwezi kulipita. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Sina ugomvi na uamuzi huo. Nataka tu tuone ulivyouacha ushahidi wetu. Padri Alexis Kagame, aliyekusanya masimulizi ya ikulu, aliandika kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Richard Kandt, Mjerumani aliyejenga makao Shangi kando ya ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1890 na baadaye kuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, aliandika kwa Kijerumani. Wazee wanasimulia kwa Kinyarwanda, na wa kisiwani Nkombo kwa lugha yao. Askari na wapagazi waliofuatana na Wajerumani walikuja wakizungumza Kiswahili, na Kiswahili hicho bado kinauza samaki Kamembe. Mwanafunzi anafanya mtihani kwa Kiingereza. Basi hati zote za jambo lililotokea kwenye mlima anaouona kutoka dirishani ziko nje ya mtihani kwa sababu ya lugha tu, kabla hata hatujafika kwenye yaliyosemwa ndani yake. Mwaka 2017 Kiswahili kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini. Bado sijaona hadhi hiyo ikiingia kwenye karatasi ya historia, hata kwa hati moja ya mistari 5.

Nimeitaja Shangi, na sasa nieleze kwa nini inanikaa moyoni. Leo iko wilaya ya Nyamasheke, lakini wazee wanaihesabu kuwa Cyangugu kama zamani. Mwami Kigeli Rwabugiri alifariki mwaka 1895, na mwanawe Rutarindwa akatawala kwa jina la Mibambwe. Mwaka 1896 maofisa wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi wakiwa na askari wenye bunduki. Jeshi la Rwanda liliwashambulia likashindwa, na Bisangwa, mmoja wa makamanda wake wakuu, akauawa. Mwishoni mwa mwaka huo huo yakatokea mapinduzi ya Rucunshu. Rutarindwa akafa na Musinga akawekwa mahali pake. Wajerumani walipokuja kuweka kituo Shangi mwaka 1898 walikuta ikulu iliyokwisha kuona bunduki inafanya nini. Mwaka 1910 wakakaa Brussels na Wabelgiji na Waingereza wakaigawa mipaka, na kisiwa cha Ijwi, tunachokiona kwa macho kutoka huku, kikabaki upande wa Kongo. Kwetu darasani Shangi ilikuwa sentensi moja chini ya "sababu za Rwanda kukubali ukoloni wa Wajerumani". Hoja ya nne, kama sikosei.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliombwa kukaa na darasa la kidato cha tano kwa kipindi kimoja, kwa kuwa mwalimu wao wa historia alikuwa na dharura. Nilikuwa na karatasi za binamu yangu kichwani. Nikaamua kujaribu. Niliwasomea kile kifungu kifupi cha kitabuni kuhusu Shangi. Kisha nikawasomea, kwa Kinyarwanda, maneno niliyoyaandika miezi michache kabla kutoka kwa mzee mmoja wa kule, aliyekuwa ameyasikia kwa baba yake. Mzee huyo hakumtaja Mwami hata mara moja, wala Wabelgiji. Alisimulia ng'ombe waliochukuliwa, na watu waliopanda mitumbwi usiku kwenda Ijwi, na kwamba baadhi yao hawakurudi kwa kuwa baadaye waliambiwa upande ule si Rwanda tena. Nikauliza: hizi simulizi mbili zinapingana, au zinatazama mahali tofauti? Nani alikuwa na sababu ya kukumbuka nini?

Darasa lilichangamka kuliko nilivyotazamia. Kijana mmoja alisema aliyeandika kitabu alikuwa anamtafuta mshindi, na mzee alikuwa anawatafuta jamaa zake. Mwingine akasema mzee hawezi kuaminiwa kwa sababu hakuwepo, msichana aliyekaa dirishani akamjibu kwamba hata mwandishi wa kitabu hakuwepo. Walibishana karibu nusu saa, kwa Kinyarwanda, kwa Kiingereza, na wawili wenye asili ya Bukavu kwa Kiswahili, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikijiona mwalimu. Kisha mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kati ya hizi mbili, ipi tuandike kwenye mtihani?"

Kelele zikakatika. Wote walikuwa wananitazama, kalamu tayari. Nilikuwa na majibu mengi mazuri, niliyokuwa nimeyasoma chuoni, na hakuna lililokuwa na faida kwa mtoto huyo mwezi wa mtihani. Nilifikiri juu ya msahihishaji na rundo lake. Nikasema: "Ya kitabuni."

Wakainama wakaandika. Nilipokuwa ninapita kati ya madawati kabla ya kengele, niliona yule msichana wa dirishani ameandika sentensi ya kitabu kwa wino wa bluu, kama wengine. Pembeni mwa ukurasa, kwa penseli, alikuwa ameandika pia habari za mitumbwi ya Ijwi. Nilimuuliza kwa nini penseli. Akaniambia mwalimu wao hukagua madaftari kila Ijumaa, na penseli inafutika.